Rekodi ya Makala Yako Ikikataa: Dalili, Chanzo na Tiba

Nilianza kusoma makala zangu kwa sauti kwa ajili ya mama mkubwa. Anakaa Tukuyu, macho yake yameingia mtoto wa jicho, na kila nilichoandika kuhusu viazi mviringo au parachichi alikuwa akisubiri wajukuu watoke shule ndipo asomewe. Nikaona ni bora nimsomee mwenyewe. Nikakaa sebuleni kwangu hapa Uyole, nikaweka simu mezani, nikasoma makala nzima kuanzia kichwa hadi mwisho, nikamtumia. Jioni akanipigia: "Mwanangu, nimekusikia. Ila mbona uko kisimani?"

Tangu siku hiyo nimehangaika na rekodi zangu, na baadaye za wenzangu wa Mbeya na Iringa wanaotaka maandishi yao yasikike shambani, jikoni na njiani. Nilichojifunza ndicho kimepanga mwongozo huu: tatizo la rekodi kwa kawaida huanzia chumbani, au kwenye umbali kati ya mdomo na maiki, au kwenye karatasi unayosoma. Programu ya kuhariri ni ya mwisho kuitwa. Ukianza nayo, utatumia usiku mzima kutibu kitu ambacho kingekwisha kwa kusogeza kiti.

Kabla ya kutafuta chochote, fanya rekodi ya majaribio ya nusu dakika. Sekunde 10 za kwanza kaa kimya kabisa, usiguse hata karatasi. Kisha soma aya moja kwa sauti yako ya kawaida. Kisha soma ile sehemu ambayo sauti yako hupanda. Sikiliza kwa hedifoni. Zile sekunde za kimya zitakueleza chumba, aya itakueleza umbali, na sehemu ya mwisho itakueleza kama umefungulia maiki kupita kiasi.

Sauti iko kisimani

Hii ndiyo dalili ninayoletewa zaidi ya zote. Msomaji anasikika mbali, maneno yana mkia, mwisho wa kila sentensi unabaki ukielea. Chanzo ni sauti kugonga kuta na kurudi kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo. Nyumba zetu za kisasa zimejengwa kana kwamba zilikusudiwa kurudisha sauti: kuta za plasta, sakafu ya sementi au vigae, madirisha ya vioo, dari la jipsamu. Simama katikati ya chumba upige kofi moja kali. Ukisikia kengele ndogo baada ya kofi, hicho ndicho mama mkubwa alikisikia.

Tiba ya kwanza haina gharama: sogea. Pima shubiri moja kutoka mdomoni hadi kwenye maiki, yaani ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimepanuliwa. Kila unapoongeza umbali mara mbili, sauti yako inayofika moja kwa moja kwenye maiki inapungua desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), wakati mwangwi wa chumba unabaki karibu vilevile. Simu yangu ilikuwa mezani, mimi nimeegemea kochi. Maiki ilikuwa inasikia chumba zaidi ya kunisikia mimi.

Tiba ya pili ni kuhama sebule. Nenda chumba cha kulala, penye godoro, mapazia na nguo nyingi. Na hapa sisi wa nyanda za juu tuna mtaji ambao watu wa joto hawana: mablanketi mazito. Lile blanketi ambalo mwezi wa saba Uyole au Makete huwezi kulala bila hilo ndilo linalomeza sauti vizuri. Mimi nimefunga waya kona ya chumba, nimening'iniza mawili yakiwa yamekunjwa mara mbili, na nimeacha nafasi ya kama sentimita 10 kati ya blanketi na ukuta. Nafasi hiyo inasaidia, kwa sababu blanketi lililobandikwa ukutani kabisa linakamata sauti nyembamba tu na kuacha zile nzito.

Wengi hukosea mahali pa kuliweka. Wanatundika blanketi nyuma ya maiki, wakati wao wenyewe wameupa mgongo ukuta mtupu. Maiki nyingi za kurekodia mtu zinasikia zaidi upande wa mbele, na mbele ya maiki ni wewe pamoja na kila kilicho nyuma yako. Blanketi la kwanza likae mgongoni mwako. La pili, kama lipo, liende pembeni.

Trei za mayai nazo naziona kwenye vyumba vingi vya kurekodia, zimepangwa ukutani kwa uvumilivu mkubwa. Ziondoe. Ni karatasi nyepesi, hazina uzito wa kumeza sauti ya mtu, na nyaya za umeme zikipata hitilafu zinashika moto haraka. Godoro moja lililosimamishwa linashinda ukuta mzima wa trei.

Mvua, malori na jogoo

Anayerekodi chini ya bati kuanzia Novemba hadi Aprili anaijua hii. Unafika katikati ya makala, tone la kwanza linagonga, na baada ya dakika moja hujisikii mwenyewe. Usijaribu kusafisha mvua kwa programu. Kelele ya mvua kwenye bati imetandaa kuanzia sauti nene hadi nyembamba, palepale sauti ya binadamu ilipo, na ukiifuta unafuta na maneno. Dari linapunguza kidogo, haliondoi. Wenzangu wa Rungwe, wanaopata mvua nyingi kuliko sisi wa mjini, wameamua kurekodi kwa akiba: siku ikipambazuka kavu wanasoma makala tatu au nne mfululizo, kisha wanazitoa moja moja.

Malori ni habari nyingine. Nyumba yoyote iliyo karibu na barabara kuu ya kwenda Tunduma inatetemeka usiku na mchana, hata kama sikio limezoea na halisikii tena. Kwenye rekodi mtetemo huo unatokea kama mngurumo wa chini unaokuja na kuondoka. Huu unatibika, kwa sababu umekaa chini ya sauti ya mtu. Weka kichujio kinachokata kila kitu kilicho chini ya hezi 80, yaani mitetemo 80 kwa sekunde, na sauti yako haitaguswa. Ila kwanza iondoe maiki kwenye meza: mtetemo unapanda kupitia sakafu, miguu ya meza, hadi kwenye kishikio cha maiki. Nguo iliyokunjwa chini ya kishikio inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Saa yangu ni kati ya saa nne na saa sita usiku, bajaji zikishapungua. Alfajiri inadanganya. Inaonekana tulivu, lakini jogoo, adhana na kengele vyote vina zamu zao wakati huo, na ni haki yao.

Kuna kitu kinavuma

Sikiliza kinavumaje, maana kila mvumo una baba yake.

Ukiwa "mmmm" mzito usiobadilika, ni umeme. Umeme wetu unapiga mizunguko 50 kwa sekunde, na mizunguko hiyo huvuja kupitia chaja na nyaya zisizo na ethi nzuri. Chomoa chaja ya kompyuta au simu, rekodi kwa betri. Ukiisha, umempata mhusika.

Ukiwa "dr-dr-dr-dr" wa ghafla, ni simu inayotafuta mtandao karibu na waya wa maiki. Weka simu kwenye hali ya ndege, hata kama ndiyo unayorekodia. Hilo litakuokoa pia na simu inayopigwa ukiwa aya ya mwisho.

Ukiwa "shhhh" kama upepo kwenye majani ya mgomba, uko mbali na maiki na umefungulia sana ili kufidia. Sogea, kisha punguza.

Ukiwa mvumo unaoanza na kuzima wenyewe baada ya dakika kadhaa, nenda jikoni: ni friji. Lizime, na weka funguo za mlango wa nyumba ndani yake. Hutatoka bila kuzitafuta, na ukizikuta utakumbuka kuliwasha.

Umechomeka maiki, lakini sauti bado ni ya simu

Umenunua maiki ya kubana shatini, umeichomeka kwenye simu, umerekodi, na tofauti huioni. Gusa kichwa cha maiki kwa ukucha wakati unarekodi, kisha gusa sehemu ya chini ya simu, pale karibu na tundu la chaja. Mguso utakaosikika kwa nguvu ndio unaoonyesha maiki inayofanya kazi. Kama ni wa simu, tazama pini ya maiki yako. Pini ya simu ina mistari mitatu myeusi inayogawa chuma katika sehemu nne. Pini yenye mistari miwili ni ya kamera au kompyuta, na simu haiitambui kama maiki. Unahitaji kiunganishi kidogo cha kubadilisha. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa", hesabu mistari mbele yake.

Na kama unatumia simu pekee, vua kava. Nimeona rekodi iliyozibwa kama mtu anazungumza ndani ya shuka, na kilichokuwa kimeziba ni mpira wa kava juu ya kitundu cha maiki.

Sauti inapasuka, au P zinapiga

Haya ni mambo mawili tofauti yanayochanganywa.

Kupasuka kunatokea unapopaza sauti: neno linakwaruza kama spika mbovu, na kwenye picha ya mawimbi vilele vimekatwa bapa juu na chini. Umegonga dari la kipimo, ambalo ni sifuri, na kilichokatwa hakirudi. Rekodi upya, ukiwa umepunguza hadi sehemu zako za juu zifike kati ya desibeli -12 na -6. Nafasi hiyo inayobaki usiione kama hasara, utaongeza sauti baadaye.

P na B kupiga ni upepo. Kiswahili kimejaa herufi hizo, na mimi ninayeandika kuhusu pembejeo na parachichi sina pa kukimbilia. Weka kiganja mbele ya mdomo wako kwa umbali wa shubiri, useme "parachichi". Utahisi pumzi ikigonga ngozi. Endelea kulisema neno hilo huku ukisogeza kiganja taratibu kuelekea upande wa shavu, mpaka ufike mahali sauti unaisikia vilevile lakini pumzi haikugusi. Pale ndipo pa kuweka maiki. Haikai mbele ya mdomo, inakaa pembeni kidogo, ikiutazama mdomo kwa mshazari. Ukitaka ulinzi zaidi, pinda waya wa hanga uwe duara, uvalishe soksi nyembamba ndefu ya kike, uisimamishe kati yako na maiki.

Kama badala ya P unasikia mlio mdogomdogo wa mate na midomo kubanduka, kinywa kimekauka. Wakati wa kipupwe, hewa ikiwa baridi na kavu, hili linanisumbua sana. Nakunywa maji ya uvuguvugu kwa mafunda madogo kila baada ya aya mbili. Maziwa nayaacha hadi nimalize.

Unasikika vizuri, lakini hueleweki

Hapa ndipo ningependa tukae zaidi, kwa sababu hapa hakuna maiki ya bei yoyote itakayokusaidia. Makala iliandikwa kwa ajili ya jicho. Jicho linarudi nyuma, linaruka mabano, linaona jedwali. Sikio linapita mara moja.

Tazama sentensi niliyoiandika mwenyewe na kujaribu kuisoma kama ilivyo: "Panda kwa nafasi ya sm 75 x 30 (taz. mchoro hapo juu); mbegu magunia 5 @ Tsh 50,000/= = Tsh 250,000/=." Nilikwama kwenye "sm". Nikakwama tena kwenye "taz." Nilipofika kwenye alama ya sawasawa nikanyamaza kabisa. Sentensi ile kwa ajili ya sikio imekuwa hivi: "Kutoka tuta hadi tuta, acha sentimita sabini na tano. Kutoka kiazi hadi kiazi, sentimita thelathini. Utahitaji magunia matano ya mbegu. Kila gunia ni shilingi elfu hamsini, kwa hiyo jumla ni laki mbili na nusu."

Hiyo "laki" nimeichagua kwa makusudi. Ukisema "elfu mia mbili na hamsini", msikilizaji mmoja atasikia 250,000 na mwingine atasikia 200,050. Kwenye maandishi tarakimu zinamaliza ubishi. Kwenye sauti, laki ndiyo inayoumaliza. Nimeona mtu akirudi nyuma mara tatu kusikiliza bei ya mbegu kwa sababu ya hili, na bando lake likienda.

Kwa hiyo kabla ya kurekodi ninaandika upya. Vifupisho vyote naviandika kwa urefu: n.k. inakuwa "na kadhalika", kg inakuwa "kilo". "3–5" inakuwa "tatu hadi tano". Tarehe yenye mikwaju naitaja kwa jina la mwezi. "Hapo juu" na "hapo chini" nazifuta, maana kwenye sauti hakuna juu wala chini: nasema "kama nilivyotangulia kueleza". Mabano ninayageuza kuwa sentensi zinazojitegemea, au nayatupa. Sentensi yenye "ambayo" mbili naivunja. Ukiishiwa pumzi kabla ya nukta, sentensi ni ndefu, na msikilizaji ameishiwa nayo kabla yako.

Kisha kuna matamshi. Nasema hili kwa upendo, kwa sababu lafudhi ya nyumbani si ugonjwa na sitaki mtu yeyote wa Mbeya asome kama mtangazaji wa pwani. Lakini Kinyakyusa hakina r, na wengi tuliokulia ndani yake tunateleza kati ya r na l bila kujua. Mara nyingi haidhuru. Inadhuru pale neno linapogeuka: kura ikawa kula, mahari ikawa mahali. Maneno ya namna hiyo nayazungushia penseli kwenye karatasi, na nikiyafikia napunguza mwendo. Mkazo nao ni hivyohivyo. Barabara ya lami ina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama maneno yetu mengi. Kazi iliyofanyika barabara, yaani sawasawa, mkazo wake uko nyuma zaidi. Ukisoma haraka zote zinakuwa lami.

Na kama kila kitu ni sahihi lakini wasikilizaji wanasema unachosha, huenda unasoma risala. Ile sauti ya kusimama mbele ya mgeni rasmi, moja kwa moja, kila sentensi ikishuka mahali palepale. Mimi huweka kiti kitupu ng'ambo ya maiki na kumsomea mama mkubwa. Kiti kinatosha kubadilisha sauti.

Makosa katikati ya kusoma

Usisimamishe rekodi. Piga kofi moja, nyamaza sekunde mbili, rudi mwanzo wa sentensi. Usirudi katikati, kwa sababu sauti haitaungana. Wakati wa kuhariri, kila kofi litaonekana kwenye mawimbi kama mti uliosimama peke yake, utajua pa kukata. Makala iliyorekodiwa kwa siku mbili nayo hutoa sauti mbili. Bandika kipande cha gundi ya karatasi sakafuni penye miguu ya kiti na penye kishikio, ili kesho ukae palepale.

Matatizo ya programu yenyewe

Natumia Audacity, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na bado ni ya bure. Haya ndiyo ninayoulizwa.

Sauti inasikika sikio moja tu: maiki moja imerekodiwa kwenye njia ya masikio mawili. Gawa njia hizo mbili, futa ile tupu, iliyobaki ifanye ya njia moja. Sauti ya mtu mmoja haihitaji zaidi.

Sauti ipo kwenye hedifoni lakini kwenye spika ya simu inapotea au inakuwa nyembamba mno: njia mbili zinapingana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na zikichanganywa zinafutana. Mara nyingi ni waya wa kiunganishi usiofaa. Futa njia moja.

Unasikika kama mtoto, na rekodi ya dakika 10 imekuwa dakika 9 na sekunde 11: umerekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti inapimwa mara 44,100 kila sekunde, na programu inaicheza kwa 48,000. Badilisha kipimo cha mradi kifanane na cha rekodi.

Sauti inasikika kama iko chini ya maji: umesafisha kelele kupita kiasi. Chukua sampuli ya zile sekunde za kimya, punguza desibeli 6, sikiliza, uishie hapo. Kelele ndogo nyuma ya sauti ya mtu haimkeri msikilizaji. Sauti ya mtu iliyoliwa inamkera.

Watu hawafungui faili

Angalia uzito wake. Rekodi ghafi ya WAV, yaani faili la sauti lisilobanwa, hata ya njia moja, inakula zaidi ya MB 5 kwa dakika, yaani kama MB 53 kwa dakika 10. Anayekusikiliza akiwa shambani Igurusi au Mafinga analipia kila MB. Toa nakala iliyobanwa, ya mp3, ya njia moja kwa kilobiti 64 kwa sekunde: dakika 10 zinashuka hadi chini ya MB 5, na kwa sauti ya kusoma tofauti haisikiki kwa simu. Ile ghafi itunze kwako, usiifute.

Kisha isikilize mahali itakaposikilizwa. Hedifoni zinakusifu. Iweke kwenye simu ndogo, spika yake yenyewe, jikoni maji yakichemka. Neno lolote utakalolikosa pale, rudi ulisome upya.

Mimi bado namtumia mama mkubwa kwanza. Makala ya mwezi uliopita aliisikiliza akiwa anachambua maharage, akanipigia kabla haijafika mwisho. Alitaka kujua ile mbegu inauzwa wapi.